Umeongeza upana wa tairi, gari limebadilika tabia: tafuta chanzo hapa

Gari lenye nguvu likishavishwa matairi mapana likaanza vituko, lawama ya kwanza humwangukia mtu wa alaimenti, yaani anayepanga pembe za magurudumu. Usukani unavuta, fenda inakwaruza, bodi inatetemeka ukipita kilomita 90 kwa saa, na mashine ya alaimenti inaonyesha kijani magurudumu yote manne. Likifika hapo, acha kumsumbua mtu wa alaimenti. Kosa kwa kawaida liko kwenye namba ambazo hakuna aliyezipima kabla ya pesa kutoka: upana wa rimu, ET yake (kiasi ambacho rimu inakaa ndani au nje ya fenda), na kipenyo cha gurudumu zima.

Tumezipanga dalili kama zinavyomfikia dereva. Mifano ni ya magari yanayobadilishwa rimu sana hapa Mombasa: Impreza WRX na STI, Golf GTI, Lancer Evolution, Mark X. Hesabu zenyewe ni zilezile kwa gari lolote.

Kwanza namba, spana baadaye

Soma ubavu wa tairi. 225/45R17 91W maana yake upana wa milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya huo upana, rimu ya inchi 17, uwezo wa kubeba kilo 615 kwa tairi moja, na mwendo wa juu kilomita 270 kwa saa. Karibu na herufi DOT kuna namba nne za tarehe: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba kutoka Japani linaweza kuwa na kashata (meno ya uso wa tairi) nene na mpira uliokwisha kukauka, kwa hiyo isome tarehe hiyo kabla ya kuangalia kingine chochote.

Halafu rimu. Nyuma ya mikono yake huchorwa kitu kama 17x7.5JJ ET53, yaani kipenyo inchi 17 na upana inchi 7.5 (JJ ni umbo la ukingo). Ikiwa ni rimu ya kuiga au maandishi yamefutika, pima mwenyewe. Upana wa rimu hupimwa ndani, kutoka kikalio cha tairi cha upande mmoja hadi cha upande wa pili. Ukipima kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje utapata takriban inchi moja zaidi, na hapo ndipo watu huuziwa 7.5 wakidhani ni 8.5.

ET ni umbali kati ya mstari wa katikati ya rimu na uso unaokaa kwenye habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungiwa. Laza rimu kifudifudi juu ya gunia, weka ubao ulionyooka juu ya ukingo wa nyuma, pima kutoka kwenye ubao hadi uso wa kufungia. Toa nusu ya upana wa jumla, kingo zikiwemo. Rimu ya 7.5 ina upana wa jumla wa kama milimita 216, nusu yake 108. Ukipata 161, toa 108, ET ni 53.

Sasa linganisha na upana wa rimu unaoruhusiwa kwa kila saizi, kwa inchi:

195/50R15: 5.5 hadi 7
205/55R16: 5.5 hadi 7.5
215/45R17: 7 hadi 8
225/45R17: 7 hadi 8.5
235/45R17: 7.5 hadi 9
245/40R17: 8 hadi 9.5
225/40R18: 7.5 hadi 9
245/40R18: 8 hadi 9.5
255/35R18: 8.5 hadi 10
265/35R18: 9 hadi 10.5

Kuruhusiwa si sawa na kufaa. Kwa gari la kasi, kaa katikati ya nafasi hiyo au juu kidogo. STI ya 2008 ilitoka kiwandani na 245/40R18 juu ya rimu ya 8.5, na Evolution X ilitoka na vipimo hivyohivyo. Walioziunda hawakubahatisha.

Jambo lingine ambalo muuzaji hatakwambia: upana ulioandikwa ubavuni umepimwa tairi likiwa juu ya rimu maalum ya vipimo. Kwa 235/45R17 rimu hiyo ni ya inchi 8. Kila nusu inchi unayopunguza kwenye rimu, tairi linasinyaa kama milimita 5. Kwa hiyo ukivua 225 kwenye rimu ya 7.5 ukavisha 235, umelipia milimita 10 ukapata 5, na hizo 5 zenyewe ziko ubavuni. Lami haizioni.

Usukani umekuwa mzito wa kuitikia, gari linaogelea kwenye kona

Ukikata kona kali, mbele inachelewa kidogo, kisha inaingia kwa kishindo. Ukinyoosha usukani, mkia unaendelea kuyumba kidogo. Hii ndiyo dalili ya wazi kabisa ya tairi pana juu ya rimu nyembamba.

Simama mbele ya gari utazame tairi kwa usawa wa macho. Ubavu umevimba nje ya rimu kama hamri lililoumuka, na ukingo wa rimu umefichika ndani. Midomo miwili ya tairi, yaani sehemu zinazokaa juu ya rimu, imesogezwa karibu mno, kwa hiyo mbavu zinasimama zikiwa zimeinama kuelekea ndani. Kona ikija, ubavu unalala kwanza ndipo kashata zifanye kazi. Ule muda wa kulala ndio unaouhisi mikononi.

Kuthibitisha: ongeza upepo kwa psi 3 magurudumu yote asubuhi kabla jua halijapanda, kisha upite barabara uliyoizoea. Ikiwa kuitikia kumeboreka waziwazi lakini gari limekuwa gumu kwenye mashimo, chanzo ni ubavu. Ikiwa hakuna kilichobadilika, kagua bushi za mikono ya chini, bojointi na shokabu.

Upepo wa ziada si tiba. Tiba ni rimu pana zaidi kwa nusu inchi au inchi nzima, au kurudi kwenye tairi la saizi ya awali. Bila kuuma maneno: 225 juu ya rimu ya 8 itakupa gari bora kuliko 245 juu ya rimu ya 7.5, mvua au jua. Pesa ikitosha kitu kimoja tu, nunua rimu.

Kuhusu kupima upepo wenyewe. Shinikizo hupanda kama psi 1 kwa kila nyuzi 5 au 6 za joto. Gari lililoegeshwa juani Mwembe Tayari mchana, au lililotoka Mariakani sasa hivi, litasoma psi 4 hadi 6 juu ya kipimo chake halisi. Ukiipunguza hapo ifike 32, kesho asubuhi una 27. Pima asubuhi, gari likiwa limelala kivulini.

Katikati ya tairi imeisha, mabega bado mapya

Kila mtu atakwambia upepo ni mwingi. Huenda ni kweli, na ndiyo sababu rahisi ya kuondoa kwanza. Lakini rimu nyembamba inatoa dalili hiyohiyo hata upepo ukiwa sawa, kwa sababu uso wa tairi unabinuka ukawa mviringo, na katikati ndiyo inayobeba.

Chora mstari mnene wa chaki kukata uso wa tairi, bega hadi bega. Endesha mita 100 mbele moja kwa moja kwenye lami kavu, usikate kona. Chaki ikifutika katikati tu, punguza psi 2, rudia. Ukifika psi 4 chini ya kiwango cha kibandiko cha mlango wa dereva na mabega bado yana chaki, acha. Rimu haitoshi, na kuendelea kupunguza upepo kutakuletea balaa kubwa zaidi kuliko tairi kuisha: mdomo wa tairi unaweza kuchomoka kwenye rimu ukiwa katikati ya kona.

Kinyume chake, mabega mawili yakiisha kabla ya katikati, upepo ni mdogo au tairi limetanuliwa juu ya rimu pana mno. Lile lililotanuliwa utalijua kwa macho: ubavu umelala kutoka rimu kwenda ndani, na ukingo wa rimu umejitokeza nje wa kwanza kugonga ukingo wa barabara.

Na likiisha bega la ndani peke yake, hilo si suala la upana. Gari limeshushwa. Kemba (mwinamo wa gurudumu juu kuelekea ndani) imeongezeka na tou (mwelekeo wa pua za magurudumu, ndani au nje) imefunguka kwa nje. Watu hulaumu kemba, ila tou ndiyo inayokula tairi: gari lenye kemba ya digrii 2 na tou iliyonyooka linaishi na matairi yake muda mrefu, tou ikifunguka milimita chache tu, tairi pana linamalizwa bega la ndani huku la nje bado lina nywele za kiwandani. Alaimenti ifanywe kila urefu wa gari unapobadilishwa, na kila ET inapobadilishwa.

Gari linafuata mabonde ya malori

Kutoka Changamwe kupita Miritini kwenda Mariakani, malori ya bandarini yamechimba mikondo miwili kwenye lami. Gari lenye tairi la kawaida hupita juu yake bila neno. Lenye tairi pana la ubavu mfupi linaingia kwenye mkondo, linagonga ukingo wake, linaruka upande wa pili, na dereva anashindana na usukani njia nzima.

Hapa sababu ziko kadhaa na hujumlishana. Tairi pana linagusa kingo mbili za mkondo kwa wakati mmoja. Ubavu mfupi haunyonyi, unapeleka msukumo wote kwenye tairodi, vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. ET iliyopunguzwa imelisogeza tairi mbali na mhimili wa kugeuzia, kwa hiyo kila kigongo kina mkono mrefu zaidi wa kuvutia usukani. Tou ya mbele iliyofunguka nje inamalizia.

Namna ya kutenganisha: lipeleke gari kwenye lami laini, mfano Dongo Kundu, kwa mwendo wa kawaida uliohalali. Likinyooka pale, mikondo ndiyo mchokozi na gari lako ni zima. Punguza psi 1 au 2 kutoka kwenye kile ulichoongeza, funga tou ya mbele iwe sifuri au ielekee ndani kidogo, na kama kuna spesa (bamba za kusogeza gurudumu nje) zilizowekwa kwa ajili ya sura tu, ziondoe. Likivuta hata kwenye lami laini, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia, ikiwa si yale yenye mshale wa upande mmoja. Likihamisha mvuto kwenda upande wa pili, tairi lenyewe lina kasoro. Likiendelea kuvuta upande uleule, sasa ndiyo umwone mtu wa alaimenti.

Bushi zilizochoka huifanya dalili hii iwe mbaya maradufu, na gari lililokuja bandarini likiwa na miaka saba karibu hakika lina bushi zilizochoka. Usibadilishe rimu juu ya bushi mbovu kisha ukatafuta mchawi.

Linakwaruza

Tairi halifichi. Popote linapogusa linaacha alama ya kung'aa au mpira mweusi. Tafuta alama hiyo kabla ya kukata chochote.

Kabla hujazitafsiri alama, fanya hesabu ya nafasi. Rimu ikiongezeka inchi moja na ET ikabaki ileile, inakua milimita 12.7 kila upande. ET ikipungua kwa milimita 10, gurudumu zima linatoka nje milimita 10. Chukua mfano unaopendwa wa STI: kutoka 18x8.5 ET55 kwenda 18x9.5 ET38. Nusu ya inchi moja ni 12.7, ET imepungua 17. Upande wa nje gurudumu linasogea milimita 29.7. Upande wa ndani, 12.7 toa 17, linasogea mbali na shokabu milimita 4.3. Kwa maneno mengine, ndani umepata nafasi na nje umeimaliza yote. Ndiyo maana kipimo hicho hakikwaruzi shokabu hata kidogo, ila kinadai fenda ikunjwe.

Ukikwaruza wakati wa kukata usukani hadi mwisho, gari likiwa taratibu kama unaegesha, tazama plastiki ya ndani ya fenda, upande wa nyuma ya gurudumu na ule wa mbele karibu na bampa. Mara nyingi plastiki imelegea tu au klipu zimevunjika. Ifunge vizuri, ipashe joto kwa bunduki ya hewa moto na kuisukuma nyuma. Usiikate hovyo, nyuma yake kwenye magari mengi kuna nyaya, na maji ya chumvi ya Pwani hayasamehe viunganishi vilivyo uchi.

Mlio unaoendelea hata ukienda mbele moja kwa moja, unaozunguka na gurudumu, ni tairi dhidi ya shokabu au sahani ya springi. Huo ni wa hatari, kwa sababu ubavu unachanjwa polepole upande usioonekana. Shokabu hupanda na kushuka pamoja na gurudumu, kwa hiyo milimita 5 za nafasi zinatosha pale. Chini ya hapo weka spesa nyembamba au tafuta ET ndogo zaidi.

Fenda ni hadithi nyingine, kwani yenyewe haisogei na gurudumu. Nafasi inayoonekana ya kutosha gari likiwa tupu huisha likibeba watu wanne na mizigo. Daraja la kupandia feri pale Likoni ni mtihani mzuri kuliko wowote wa karakana: pembe yake inaikandamiza sasipensheni ya nyuma upande mmoja baada ya mwingine. Kabla ya kufika huko, paka chaki mabega ya nje ya matairi, jaza gari, pita matuta mawili matatu kwa pembe, gurudumu moja likitangulia. Angalia chaki imehamia wapi chini ya fenda.

Ikiwa ni ukingo wa fenda peke yake, ukunjwe kwa kifaa cha kukunjia kinachofungwa kwenye habu, rangi ikiwa imepashwa moto. Rangi baridi hupasuka. Fenda za nyuma za magari mengi ni bati mbili zilizounganishwa kwa nukta za weldi. Ukizikata kwa grainda umefungua mlango wa kutu, na kwa hewa ya Nyali au Bamburi haitachukua misimu mingi. Ukishakunja, safisha, paka rangi ya kuzuia kutu, kisha ziba mshono.

Kukaza springi fupi ili "kuzuia lisishuke" ni kuhamisha tatizo. Gari linaanza kuruka, na tairi pana linalopaa halishiki lami.

Linatetemeka kati ya 90 na 110

Umefanya balansi mara mbili, na mtetemo upo palepale. Vua gurudumu utazame tundu la katikati.

Tundu la rimu linatakiwa likae barabara juu ya habu. Subaru hizi zina habu ya milimita 56.1, Golf 57.1, Toyota nyingi ndogo na za kati 60.1, Mitsubishi 67.1. Rimu nyingi za kununua dukani zina tundu la 73.1 ili ziingie kila gari. Pasipo pete ya kujazia, nati ndizo zinazoipanga rimu katikati, na zikiipanga nusu milimita pembeni, mashine ya balansi haitaiona kamwe, kwa sababu mashine ina koni yake yenyewe. Nunua pete za kipimo sahihi. Hapa Pwani plastiki ngumu inafaa kuliko alumini. Alumini hushikana na habu kwa chumvi, na siku ya pancha utaipiga nyundo.

Tazama pia makalio ya nati. Rimu nyingi za dukani zinataka nati za koni ya digrii 60. Honda na Golf za kiwandani hutumia za mviringo. Nati ya mviringo kwenye tundu la koni inagusa mstari mwembamba tu, inalegea, na utahisi mtetemo kwanza kabla gurudumu halijaanza safari yake peke yake.

Na wapo wanaolazimisha rimu ya 5x112 (matundu matano kwenye duara la milimita 112) kwenye habu ya 5x114.3 kwa sababu "imeingia". Imeingia kwa kupinda stadi, yaani bolti zilizochomekwa kwenye habu. Hiyo usijaribu kuitibu, ivue.

Palipo na spesa, hesabu mizunguko ya nati hadi ikaze. Uzi unatakiwa ushike urefu usiopungua unene wa stadi. Kwa Subaru, M12x1.25 (unene milimita 12, uzi unasogea 1.25 kwa mzunguko), hiyo ni mizunguko 10. Kwa Toyota na Mitsubishi, M12x1.5, ni 8. Kwa bolti za Golf, M14x1.5, ni 9 na kitu, basi sema 10. Ikipungua, weka stadi au bolti ndefu zaidi. Kaza kwa mpangilio wa nyota, gari likiwa bado halijakaa na uzito wote chini, na spana ya toki, ile yenye kipimo cha nguvu ya kukaza: karibu Nm 100 kwa Subaru, Toyota na Mitsubishi tulizotaja, 120 kwa Golf. Rudia baada ya kilomita 50 hadi 100. Bunduki ya upepo ya barabarani haina kipimo. Itakaza moja kwa 200 na jirani yake kwa 70.

Upepo unapungua kila wiki, misumari hamna

Rimu za mtumba zilizokaa karibu na bahari huota unga mweupe kwenye kikalio cha tairi, na tairi haliwezi kuziba juu ya unga. Mwagia maji ya sabuni kwenye ukingo pande zote mbili na kwenye vavu. Mapovu yakitokea kwenye ukingo, tairi livuliwe, kikalio kisuguliwe kwa brashi laini ya waya hadi chuma safi, kipakwe dawa ya kuzibia midomo ya tairi. Povu likiwa sehemu moja tu, zungusha rimu kwenye mashine ya balansi na uangalie kama imepinda.

Tairi lililotanuliwa juu ya rimu pana huvuja zaidi, kwa kuwa mdomo wake haukai wima. Na ukimwona fundi anamimina petroli ndani ya tairi na kuwasha kiberiti ili lirukie kwenye rimu, chukua gari lako. Mdomo ukigoma kukaa ukifika psi 40, toa upepo, paka sabuni ya tairi upya, anza tena. Kupita hapo ni kucheza na waya wa chuma uliokazwa kama risasi.

Linaelea kwenye maji

Mvua za masika zinapofika kilele mwezi Mei, tairi pana linageuka kutoka fahari kuwa mzigo. Maji yana njia ndefu zaidi ya kutoka pembeni, na uzito wa gari umetawanywa juu ya eneo pana. Alama za kuisha zilizomo ndani ya mifereji zimewekwa milimita 1.6. Kwa tairi la 245 na kuendelea usisubiri zifike. Ikibaki milimita 3, tairi hilo ni la kiangazi tu. Usipunguze upepo eti lishike zaidi. Upepo mdogo huelea mapema.

Spidomita inadanganya, taa ya ABS inawaka

Kokotoa kipenyo. 225/45R17: ubavu ni 101.25, mara mbili 202.5, ongeza 431.8 ya rimu, jumla milimita 634.3. 235/45R17 ni 643.3, zaidi kwa asilimia 1.4. 245/40R17 ni 627.8, pungufu kwa asilimia 1. 255/40R17 ni 635.8, karibu sawa kabisa, ila inataka rimu ya 9. Baki ndani ya asilimia 1.5. Taa ya ABS ikiwaka ghafla baada ya kazi ya rimu, kabla ya kulaumu kipenyo kagua waya wa sensa nyuma ya habu. Tairi pana huusugua.

Linashikilia kwenye kona za taratibu, difu inalia

Hii ni kwa Subaru na Evolution, yanayovuta kwa magurudumu manne. Ukigeuza kwenye maegesho, gari linajikaza kana kwamba breki imeshika, kisha linaachia kwa mruko. Magurudumu hayalingani mzunguko, na difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, inafanya kazi hata ukienda moja kwa moja hadi Voi.

Subaru inataka tofauti ya mzunguko isizidi robo inchi, kama milimita 6. Hiyo ni tofauti ya milimita 1 tu ya kina cha kashata. Chukua futi ya fundi cherehani, inua gari, jaza upepo sawa magurudumu yote, zungushia kila tairi katikati ya uso wake. Tairi moja jipya pamoja na matatu ya nusu maisha limeshatoka nje ya kipimo. Halikadhalika mapana nyuma na membamba mbele, mtindo ambao kwa Mark X inayovuta kwa nyuma tu hauna madhara ya difu, ingawa utafanya pua igome kuingia kona.

Umeshabadilisha yote manne? Fungua buti. Lile la akiba bado ni la saizi ya zamani, na kama gari lina kalipa kubwa za breki za Brembo, gurudumu la inchi 16 la WRX halitaingia kabisa. Tafuta la inchi 17 lenye kipenyo kinacholingana, ulijaribu kulifunga mbele siku ukiwa nyumbani. Gari la gia za mkono likilazimika kutembelea la akiba lisilolingana, endesha taratibu hadi kwa fundi wa pancha aliye karibu, usivuke mji. Baadhi ya Subaru za otomatiki za zamani zina nafasi ya fyuzi iliyoandikwa FWD chini ya boneti. Ukichomeka fyuzi hapo nyuma inaacha kuvuta, na gurudumu la akiba liwekwe nyuma, hata kama pancha ilikuwa ya mbele.